Si kila damu ya chooni ni bawasiri

Dini yetu imetufundisha adabu mpaka za chooni, na miongoni mwa adabu hizo ni kustanji kwa maji. Muislamu hujisafisha kwa mkono wake kila aendapo haja, tangu utotoni mpaka uzeeni. Kwa hiyo hakuna mtu aliye karibu zaidi na habari za choo chake kuliko yeye mwenyewe. Damu ikitoka ataiona katika maji au mkononi, hata kama ni kidogo. La kusikitisha ni kuwa wengi wetu tukishaiona huimwagia maji, tukatia udhu, tukaenda zetu msikitini, na jambo likaishia hapo.

Siku ya mtu kusema, husema kwa jamaa au kwa muuza dawa. Chukua mfano wa mtu wa Makoongwe. Ili aonane na daktari wa hospitali inambidi apande chombo avuke mpaka Mkoani, aache uvuvi wake au mwani wake siku nzima, na nauli aitoe mfukoni. Jirani anamwambia, "Hiyo ni bawasiri tu, hata baba yangu alikuwa nayo," na anamwelekeza dawa ya kuchemsha. Damu inakatika wiki mbili, inarudi, inakatika tena. Mwaka unapita namna hiyo, pengine miwili.

Mara nyingi jirani yule huwa amesema kweli. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, na ndiyo sababu kubwa ya damu nyekundu inayodondoka baada ya choo. Lakini damu hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye saratani ya utumbo mpana au ya sehemu ya mwisho ya utumbo huo, iliyo karibu na njia ya kutokea. Kwa macho hakuna awezaye kuzipambanua, si jirani, si muuza dawa, wala si daktari asiyempima mgonjwa. Tena kuwa na bawasiri hakumkingi mtu na saratani. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, moja likaonekana na jingine likajificha nyuma yake.

Maradhi ya Wazungu?

Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa saratani hii haituhusu. Aliyelieneza zaidi wazo hilo alikuwa daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Burkitt aliona kuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliofika hospitali za Afrika walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wa Ulaya. Akaandikia hospitali za vijijini katika nchi nyingi kuuliza, na majibu yakafanana. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake kwamba siri iko kwenye chakula. Watu wa vijijini wanakula nafaka zisizokobolewa, mizizi, kunde na mboga, choo chao ni kingi na laini, na hakikai tumboni muda mrefu. Wazungu wanakula unga mweupe na nyama nyingi, na choo chao ni kidogo na kigumu.

Hoja ya makapi ya chakula imebaki na nguvu mpaka leo. Lakini lazima tuseme pia kuwa zama zile watu wengi walifariki kabla ya kufikia umri ambao saratani hii hushika kasi, na wengine wengi walifia majumbani bila ya kuonwa na daktari. Wangapi katika wazee wetu tuliambiwa wamekufa "kwa tumbo"? Tumbo gani, hakuna aliyeuliza.

Leo hali si ile. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, walikuta wagonjwa wa saratani hii wameongezeka mara kadhaa ndani ya muda huo mfupi. Huenda sehemu ya ongezeko hilo inatokana na vipimo kuwa vingi zaidi kuliko zamani. Hata hivyo, mabadiliko ya maisha tunayaona kwa macho yetu: mkate mweupe asubuhi, chipsi jioni, soda baina yake, na mwili usiofanya kazi. Duniani kote, mwaka 2022 pekee, watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani hii, na waliofariki kwayo walikuwa takriban laki tisa. Kwa vifo, ni ya pili baada ya saratani ya mapafu.

Kinyama kisichouma

Tofauti na maradhi mengi, saratani hii hutoa muhula. Kwa kawaida huanza na kijinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, wataalamu wanakiita polipu. Vingi katika vijinyama hivyo havigeuki kuwa saratani maisha yote ya mtu. Vichache hukua pole pole, na kutoka kijinyama hadi saratani mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi. Katika miaka hiyo mtu hana maumivu, anakula, anavua, anachuma karafuu. Lakini kijinyama kinapokua, choo kikipita huweza kukikwaruza kikavuja damu, kidogo sana, isiyoonekana kwa macho.

Damu hiyo iliyojificha ndiyo iliyowapa watafiti fikra ya kupima watu wasio na dalili yoyote. Huko Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1975 waliandikishwa watu zaidi ya elfu 46 wenye umri wa miaka 50 hadi 80. Kundi moja lilitoa choo kidogo kila mwaka kikapimwa damu iliyojificha, kundi jingine kila baada ya miaka miwili, na la tatu halikupimwa. Aliyekutwa na damu alichunguzwa utumbo kwa mpira wenye kamera. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993, baada ya watu kufuatiliwa kwa miaka 13. Katika kila watu 1,000 wasiopimwa, karibu 9 walikufa kwa saratani hii. Katika waliopimwa kila mwaka walikufa karibu 6. Watu watatu katika elfu, mtu anaweza kuona ni wachache, lakini ni thuluthi nzima ya vifo vyote vya maradhi hayo, na walichofanya ni kutoa choo na kuwaondolea vijinyama wale waliokutwa navyo. Mwaka 1996 tafiti mbili nyingine, ya Uingereza na ya Denmark, zilizopima kila miaka miwili, zikaonyesha vifo kupungua kwa asilimia 15 na 18.

Kuna na njia ya kumwangalia mtu kwa kamera moja kwa moja, bila ya kuanza na choo. Kamera ina fadhila kubwa moja: daktari akikiona kijinyama hukikata hapo hapo, na saratani ambayo ingekuja baada ya miaka kumi haiji tena. Lakini hata hii si muujiza. Utafiti mkubwa wa Poland, Norway na Sweden, uliotangazwa mwaka 2022, uliwaita maelfu ya watu wafanyiwe kipimo hicho. Baada ya miaka kumi saratani ilipungua kwa asilimia 18 tu katika kundi lililoitwa. Sababu moja haiko mbali: katika kila watu 100 walioitwa, waliokwenda ni 42. Kumbe hata Ulaya, ambako hospitali iko mtaani na barua inakuja mpaka mlangoni, haya na woga vipo.

Hapa kwetu barua hiyo haiji. Tusijidanganye kuwa kesho utakuja mpango wa kumpima kila mtu mzima wa Pemba kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linatofautisha mambo mawili: kuwapima watu wazima wasio na dalili, na kumuwahi mtu mara dalili ya mwanzo inapotokea. La kwanza linahitaji fedha, wataalamu na mashine nyingi. La pili linahitaji zaidi mgonjwa aseme na aliyeambiwa asimpuuze, na shirika hilo linazishauri nchi zenye uwezo mdogo zianze na hili la pili. Faida yake si ndogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishafika ini au mapafu, wanaobaki ni mmoja au wawili kati ya 10. Maradhi ni yale yale, kinachotofautisha ni wakati aliofika mgonjwa.

Pemba na vikopo vya choo

Msomaji wa Pemba asione ajabu habari ya kutoa choo kipimwe. Hiki ni kisiwa ambacho watoto wa skuli wamekuwa wakipewa vikopo warudi navyo kwa miaka mingi kwa ajili ya utafiti wa minyoo. Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, Chake Chake, ijulikanayo kwa jina la Ivo de Carneri, ipo tangu mwaka 2000 na imejijengea jina duniani kwa kazi hiyo. Hata kabla yake, mwaka 1996, ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa skuli wa Pemba, ambao choo chao kilipimwa damu iliyojificha. Ikaonekana kuwa kadiri minyoo ya safura ilivyokuwa mingi tumboni mwa mtoto, ndivyo damu ilivyopotea zaidi chooni, na madini ya chuma yakapungua mwilini mwake. Kwa maneno mengine, damu iliyojificha ilikwisha kutafutwa katika choo cha Wapemba, ila mtuhumiwa alikuwa mnyoo.

Hapa pana fundisho la pande mbili. Kwanza, kwetu damu iliyojificha ina sababu nyingi: safura, minyoo ya mjeledi, vidonda vya tumbo. Kukutwa na damu hakumaanishi saratani, na mtu asikimbilie kuandika wasia. Pili, na hili ndilo la hatari, wingi wa sababu hizo unatupa udhuru wa kutoitafuta saratani kabisa. Mzee wa miaka 60 anaambiwa amepungukiwa damu. Anapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, anapata nafuu, baada ya miezi mitatu yuko pale pale. Mwanamme mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha kukatika hedhi, akipungukiwa damu bila sababu inayojulikana, lazima aulizwe inakwenda wapi. Vidonge vinajaza mtungi, lakini mtungi uliotoboka utavuja tena.

Wengine husema ni kichocho. Kichocho kilichozoeleka Pemba ni kile cha njia ya mkojo, damu yake huonekana kwenye mkojo. Kile cha utumbo ni maarufu Bara, hasa pembezoni mwa Ziwa Victoria. Mtu wa Makoongwe anayeona damu kwenye haja kubwa asijipe jibu hilo.

Vipimo vya choo vyenyewe viko vya aina mbili. Cha zamani, kilichotumika Minnesota, hubadilika rangi kikikutana na damu yoyote, hata ya nyama uliyokula isiyoiva sawasawa, hivyo mtu hupewa masharti ya chakula. Kipya kinaitambua damu ya binadamu tu, tena zaidi ile inayotoka utumbo mpana, kwa kuwa damu ya juu, kama ya safura au ya vidonda vya tumbo, huwa imekwisha kusagwa njiani. Hiki hakina masharti ya chakula. Lakini kina adui mmoja anayetuhusu sana, nalo ni joto. Choo kikikaa juani au ndani ya mfuko wa moto siku nzima, damu huharibika, na kipimo kikasema hakuna kitu na kumbe kipo. Ukipewa kipimo hiki, itoe sampuli asubuhi ya siku unayovuka, iweke kivulini, ifike siku hiyo hiyo.

Choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchutama na vina maji sakafuni, basi kinga kwa kopo safi kavu au tandika karatasi, chukua kidogo kwa kijiti ulichopewa, kisha ndiyo ustanji na uoshe mikono kwa sabuni. Mwanamke asubiri mpaka atoharike na hedhi. Na anayeona damu kwa macho yake asiridhike na kipimo cha choo peke yake, hata kikisema hakuna kitu. Huyo anahitaji kuonwa na daktari.

Haya ya mahali pake na haya isiyo mahali pake

Daktari atakuuliza maswali ya aibu. Damu ni nyekundu au ni nyeusi kama lami? Imechanganyika na choo au inadondoka baadaye? Je, choo kimebadilika wiki kadhaa sasa, mara kuharisha mara kufunga, au kimekuwa chembamba? Unatoka chooni ukihisi hukumaliza? Nguo zinakupwaya? Kisha anaweza kuvaa glavu na kukupima kwa kidole. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, huchukua muda mfupi, na saratani nyingi za mwisho wa utumbo zinafikiwa na kidole hicho. Ndicho wagonjwa wanachokikataa kuliko vyote, na ndicho baadhi ya wahudumu nao wanachokiruka kwa kuona haya.

Haya ni katika imani, hilo halina mjadala. Lakini Bi Aisha (R.A) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na masuala waliyomuuliza Mtume (S.A.W) yalikuwa ya ndani kuliko haya ya bawasiri. Wanazuoni wameruhusu tupu kuangaliwa kwa haja ya matibabu, kwa kiasi cha haja hiyo. Una haki ya kuomba daktari wa jinsia yako, na akikosekana, mwanamke aombe awepo muuguzi wa kike au maharimu wake. Baba mtu mzima asiyeweza kumwambia mwanawe wa kiume, na amwambie mkewe. Na mke akiambiwa asicheke.

Kwa watu wa Makoongwe, hospitali iliyo karibu ni ya Abdulla Mzee, Mkoani. Daktari akiona haja ya kamera ya utumbo, uliza mapema inafanyika wapi, kwa sababu huenda ukalazimika kusafiri Unguja au mpaka Muhimbili. Hapa nina neno la vitendo. Kabla ya kipimo hicho utumbo husafishwa: siku moja mtu hunywa vitu vyepesi tu, kisha dawa ya kuharisha mpaka yatoke maji matupu. Asikudanganye mtu ukanywa dawa hiyo nyumbani kisha ukapanda chombo. Vuka siku moja kabla, ulale kwa jamaa aliye karibu na hospitali na mwenye choo cha uhakika, ndipo unywe. Ikiangukia Ramadhani, kutoa sampuli ya choo hakufunguzi, lakini maandalizi ya kamera hayaendi pamoja na saumu. Mgonjwa ana ruhusa yake na atalipa, na kama daktari anaona inaweza kungoja, basi ingoje Shawwal, si zaidi ya hapo.

Kinachowatisha wengi zaidi ni mfuko wa choo tumboni. Ni kweli baadhi ya wagonjwa huwekewa, wengine kwa muda na wengine moja kwa moja, na hukumu ya sala yao ni ya mwenye udhuru, haivunji ibada. Lakini angalia mambo yalivyo kinyume: mara nyingi anayekimbia kupimwa kwa kuogopa mfuko ndiye anayeishia nao, kwa sababu kijinyama kilichowahiwa hukatwa kwa kamera bila ya kisu, na uvimbe uliochelewa huondoka na kipande cha utumbo. Aliyechelewa zaidi hupelekwa Ocean Road, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka visiwani wamekuwa wakifuata mionzi, mbali na nyumbani kwa wiki nyingi, na mwenzake wa kumuuguza naye ameacha kazi.

Chakula nakipitia kwa ufupi, maana wengi mnakijua. Mihogo, majimbi, kunde, choroko, mboga na matunda viwe sahani ya kila siku. Nyama nyekundu iwe kwa kiasi. Soseji na nyama za makopo, ambazo mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, ziachwe kwa kadiri iwezekanavyo. Sigara nayo imo. Lakini mla mihogo asidhani amepewa hati ya kinga. Akiona damu, naye aende.

Limebaki suala la nani aanze kupimwa bila kungoja dalili, kwa yule mwenye uwezo wa kukifikia kipimo. Marekani zamani walianza na miaka 50, na mwaka 2021 wakashuka hadi 45, baada ya kuona vijana wengi wakiugua. Kenya nayo imeiingiza saratani hii katika mwongozo wake wa taifa wa upimaji wa mwaka 2018. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua asingoje hata umri huo. Anashauriwa aanze akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, ukitangulia wowote kati ya hiyo miwili. Kama kaka yako aligunduliwa akiwa na miaka 44, wewe ni 34. Kwa hiyo mkikaa nyumbani, waulizeni wazee wenu vizuri: yule babu au shangazi aliyekufa "kwa tumbo", alikuwa na umri gani, na je, alikuwa akitoka damu?